Aliyepo na Aliyeamshwa



Mtu asimamaye ufukoni akahesabu majahazi yaliyotia nanga aweza kusema kwa yakini kwamba bandarini mna vyombo ishirini. Walakini hesabu yake, ijapokuwa sahihi, haimwambii ni chombo kipi kilichopata amri ya safari, na hilo hatalijua mpaka aone tanga limetwekwa. Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo mno, ambacho kazi yake yote katika ilimu ya uhai ni kumwonyesha mtafiti tanga lililotwekwa. Wataalamu hukiita kingamwili ya kutambua protini iliyotiwa fosfeti. Jina ni refu, na huenda likamtisha msikilizaji aliyechoka na kazi za mchana. Nawaomba mnivumilie, maana nyuma ya jina hilo mna habari ambayo mimi naihesabu miongoni mwa habari njema za karne iliyopita.

Kila seli ya mwili wa mwanadamu ina maelfu ya aina za protini, na kila protini ni mnyororo wa asidi amino, mamia kwa mamia, uliokunjwa kwa umbo lake maalumu. Homoni ikija kutoka mbali na kuugusa utando wa seli, aghalabu haiingii ndani. Huacha risala mlangoni, na protini iliyo mlangoni huipokea risala hiyo ikaipokeza ya pili, na ya pili ikaamsha ya tatu, hata amri ifike katika kiini, ambako jeni huwashwa au huzimwa. Huko kuamshana hufanywa kwa njia nyepesi ya ajabu. Kimeng'enya cha jamii iitwayo kinasi huchukua fosfeti, yaani fosforasi iliyozungukwa na oksijeni, kikaibandika juu ya protini inayoamshwa, mahali pake maalumu, juu ya asidi amino moja au chache tu katika mnyororo mzima. Uzito unaoongezeka ni daltoni 80 juu ya protini ambayo yaweza kuwa na daltoni 42,000. Lakini fosfeti ina chaji hasi ya umeme, na chaji hiyo huugeuza mkunjo wa protini, iliyokuwa imelala ikaamka. Kazi ikiisha, huja kimeng'enya kingine, fosfatasi, kikaibandua fosfeti, na protini ikalala tena. Kinasi za binadamu si chache: mwaka 2002, watafiti waliopekua jeni zetu walihesabu 518.

Kwamba ndani ya baadhi ya protini mna fosforasi lilikuwa jambo linalojulikana tangu zamani. Maziwa yanayo, katika kaseini yake. Kiini cha yai kinayo, na mwaka 1932, katika mji wa New York, Fritz Lipmann na Phoebus Levene waliikuta fosfeti ya kiini cha yai imeshikamana na asidi amino iitwayo serini. Lakini maziwa na yai ni chakula, na ni rahisi kudhani kwamba fosfeti ile ni akiba tu ya ndama na kifaranga. Mwaka 1955 ndipo Edmond Fischer na Edwin Krebs, mjini Seattle, walipoonyesha kwamba kimeng'enya cha misuli kivunjacho akiba ya sukari huamshwa kwa kutiwa fosfeti, na hulala inapobanduliwa. Tuzo ya Nobel iliwafikia mwaka 1992, baada ya miaka 37.

Hata hivyo palikuwa na fosfeti iliyojificha. Wakati ule watafiti walizoea kuitafuta fosfeti juu ya serini na juu ya ndugu yake threonini, wala hawakuitazamia kwingineko. Mwaka 1979 Tony Hunter, Mwingereza afanyaye kazi katika Taasisi ya Salk huko California, alikuwa akichunguza protini ya virusi viletavyo uvimbe katika panya. Akaivunjavunja, akazitenganisha asidi amino zake kwa nguvu ya umeme ndani ya maji ya asidi. Maji yale yalikuwa yametumika mara nyingi bila ya kubadilishwa, na kiwango chake cha pH kilikuwa kimeshuka kutoka 1.9 hadi 1.7. Katika asidi hiyo iliyozidi kidogo, doa ambalo kwa desturi lingefichana na la threonini lilijitenga, likasimama peke yake. Lilikuwa doa la asidi amino ya tatu, tairosini, yenye fosfeti. Maji machakavu yamo katika kila maabara. Aliyeliuliza doa geni limetoka wapi alikuwa mmoja. Mwaka uliofuata, yeye na Bartholomew Sefton walionyesha kwamba katika seli ya kawaida tairosini hubeba kiasi cha asilimia 0.03 tu ya fosfeti yote iliyo juu ya asidi amino hizo tatu, na kwamba katika seli iliyogeuzwa kuwa ya saratani na virusi vya Rous, vile ambavyo Peyton Rous alivieleza habari zake katika kuku mwaka 1911, kiasi hicho huongezeka kama mara kumi. Jambo dogo kiasi hicho ndilo lililoshika hatamu ya ukuaji wa seli.

Sasa fikirini mashaka yaliyowakabili watafiti. Ili kuiona fosfeti walilazimika kuzilisha seli fosforasi yenye mnururisho, ile ya namba 32, ambayo nusu yake hupotea kwa siku 14, nao wakafanya kazi nyuma ya ukuta wa plastiki nene kwa hofu ya kudhurika. Na baada ya taabu hiyo yote waliona fosfeti za kila protini zimechanganyika, wasijue ipi ni ya nani. Walihitaji shahidi atakayepita katikati ya maelfu ya protini asimguse hata mmoja ila yule aliyebeba fosfeti.

Mashahidi wa namna hiyo mwili wenyewe huwaunda. Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda hupata kitu cha kuibatilisha sumu hiyo, na kitu hicho ndicho tukiitacho leo kingamwili. Fundi wa zama zetu hutumia hekima ile ile ya damu kwa shabaha nyingine. Huunda kipande kifupi cha protini, asidi amino kumi au kumi na tano, akaitia fosfeti pale pale inapostahili. Kwa kuwa kipande hicho ni kidogo mno, na mwili wa mnyama hautakitilia maanani, hukifungamanisha na protini kubwa, aghalabu ile itolewayo katika damu ya konokono mmoja wa bahari ya California, kisha humchanja nacho sungura. Baada ya wiki kadhaa huchukua damu ya sungura, akayatenga maji yake na chembe nyekundu, na maji hayo akayachuja mara mbili. Mara ya kwanza huyapitisha juu ya punje zilizobandikwa kipande chenye fosfeti, na kingamwili zote zinazokitambua hunasa hapo. Mara ya pili hizo zilizonasa hupitishwa juu ya punje zenye kipande kile kile kisichokuwa na fosfeti, na zile zing'ang'aniazo hapo hutupwa, maana kwazo aliyelala na aliyeamka ni mamoja. Zinazopita bila ya kunasa ndizo zinazotakiwa. Naipenda sana hatua hii ya pili. Kingamwili hupasishwa kwa kile inachokataa kukishika.

Mwaka 1981 Alonzo Ross, David Baltimore na Herman Eisen walitangaza kingamwili iliyoitambua tairosini yenye fosfeti popote ilipo, waliyoipata kwa kuchanja kitu cha kikemia kinachofanana nayo kwa umbo. Miaka sita kabla yao, mjini Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walikuwa wamegundua namna ya kuiunganisha seli itengenezayo kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kuzaana, hata kingamwili ya namna moja ikatoka miaka na miaka bila ya kubadilika, ambapo damu ya sungura huisha sungura afapo. Ilimu hizi mbili zilipokutana, mlango ulifunguka.

Nitasimama hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kitu cha maabara kilipogeuka kuwa uhai wa watu. Miaka ya 1980 ikielekea ukingoni, daktari kijana aitwaye Brian Druker, aliyekuwa mjini Boston katika taasisi ya Dana-Farber, chini ya Thomas Roberts, alitengeneza pamoja na wenzake kingamwili iliyopewa jina la 4G10, ambayo huishika tairosini yenye fosfeti kwa uaminifu mkubwa. Druker alikuwa tabibu wa saratani, na moyo wake ulikuwa kwa wagonjwa wa lukemia sugu ya mieloidi, saratani ya damu ambayo tangu mwaka 1960 ilijulikana kuwa na kromosomu yenye kasoro, iliyopewa jina la mji wa Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley alibainisha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande; na vipande hivyo vikikutana huzaa kinasi iitwayo BCR-ABL, ambayo ubaya wake ni mmoja: hailali. Mchana na usiku hutia fosfeti juu ya tairosini za wenzake, na seli za damu huzaana bila ya kuamriwa.

Ikiwa ugonjwa ni kinasi isiyolala, dawa ni kile kitakachoilaza. Lakini utajuaje kwamba imelala? Protini ya BCR-ABL hubaki pale pale, kabla ya dawa na baada ya dawa, na anayehesabu vyombo bandarini hataona tofauti. Mwenye 4G10 huiona: seli zikipewa dawa ifaayo, alama za fosfeti hufifia mbele ya macho yake. Nicholas Lydon na wenzake wa kampuni ya Ciba-Geigy, mjini Basel, walikuwa wakiunda vitu vya kikemia vya kuzuia kinasi. Druker, aliyehamia Oregon mwaka 1993, akavijaribu juu ya seli zenye BCR-ABL, na kimoja kikawa bora kuliko vyote. Mwaka 1998 kilianza kupewa wagonjwa. Habari zilipochapishwa mwaka 2001, katika wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, damu za wagonjwa 53 zilikuwa zimerejea katika hesabu ya kawaida. Dawa hiyo ni imatinibi. Ugonjwa ulioua watu baada ya miaka michache umekuwa ugonjwa ambao mtu huishi nao akimeza kidonge, na wagonjwa wetu wa Tanzania na Kenya nao wameipata kupitia mpango wa kuigawa bila ya malipo, wakiwamo waliohudumiwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, jengo ambalo wengi wenu mmelipita mkienda kupunga upepo wa bahari. Anayemeza kidonge kile hana haja ya kuijua 4G10. Mimi naona ni haki itajwe angalau mara moja kwa Kiswahili hewani, na sasa imetajwa.

Baada ya kingamwili zilizotambua kila tairosini yenye fosfeti, zilikuja nyingine zilizo teule zaidi, ambazo hutambua protini moja tu, mahali pake pamoja tu. Mojawapo nimepata kuiona kazini kwa macho yangu.

Binti wa marehemu kaka yangu anasoma katika chuo kimoja cha nchi hii, na utafiti wake ni juu ya majani ya mti mmoja ambao waganga wetu hudai kuwa huzuia uvimbe usikue. Alitaka kujua kama maji ya majani yale huizuia amri ya ukuaji ndani ya seli za saratani. Amri hiyo hupita katika protini mbili ndugu ziitwazo ERK, ya kilodaltoni 44 na ya kilodaltoni 42, ambazo huamka zinapotiwa fosfeti mahali pawili, juu ya threonini na juu ya tairosini, na kati ya mahali hapo pawili pana asidi amino moja tu. Kingamwili aliyoiagiza huzitambua zikiwa na fosfeti zote mbili. Ilitoka ng'ambo, kichupa chenye mikrolita 100, kiasi kisichofikia robo ya kijiko cha chai, kwa bei ya mamia ya dola. Mzigo wa kwanza ulikaa katika ofisi moja siku tisa ukingojea muhuri, barafu ikayeyuka, na alichokipokea kilikuwa maji yasiyoshika kitu. Alilia, wala simlaumu; aliagiza tena.

Jaribio lake lilikuwa na visahani vitatu vya seli. Vyote vitatu alivinyima chakula cha ukuaji usiku kucha, ili ERK zilale. Asubuhi, cha kwanza alikiacha na njaa; cha pili alikipa homoni ya ukuzi kwa dakika tano, muda unaotosha kuziamsha ERK; cha tatu alikitia maji ya majani kwanza, kisha homoni kwa dakika tano vilevile. Akazivunja seli, akazitenganisha protini katika jeli kwa umeme, akazihamisha juu ya karatasi ya nitroselulosi, akaiosha karatasi kwa kingamwili. Katika njia ya kwanza, yaani ya kisahani cha kwanza, hapakuwa na kitu. Katika ya pili palikuwa na mistari miwili myeusi. Katika ya tatu, hapakuwa na kitu.

Alinipigia simu usiku ule ule. "Ami, majani yamezuia!" akasema, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka. Nilimpongeza, nikalala nikiota dawa imetoka katika mti wa kwetu.

Kesho yake mwalimu wake, mama mmoja mwenye subira, alimwuliza swali moja: kisahani cha tatu kilivunjwa saa ngapi? Ndipo akakumbuka. Umeme ulikuwa umekatika, barafu ikawa maji, na mchanganyiko wa vanadati na floridi ya sodiamu, ambao hutiwa ili kuzifunga mikono fosfatasi seli zinapovunjwa, ulikuwa umemwishia baada ya kisahani cha pili. Cha tatu alikivunja bila ya huo, katika joto la mchana. Fosfatasi zilizokuwa huru zilikuwa na wasaa wa kutosha kuibandua fosfeti yote. Kingamwili haikusema uwongo, maana fosfeti haikuwapo kweli. Lakini kilichoiondoa chaweza kuwa majani, na chaweza kuwa joto, na shahidi anayeulizwa kama tanga limetwekwa hawezi kuulizwa ni nani aliyelitua.

Jambo hili, wasikilizaji wangu, si la wanafunzi peke yao. Zipo kingamwili zinazouzwa ambazo hushika kisichotarajiwa, na kingamwili ya fosfeti ina hatari zake za ziada. Mtafiti akiifunika karatasi yake kwa maziwa, kama wengi wafanyavyo ili kingamwili isigande ovyo, huenda kaseini, yenye fosfeti tele, ikaleta kivuli kisichotakiwa, na ndiyo sababu wengi hupendelea albumini ya ng'ombe. Mwaka 2015, katika jarida la Nature, Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, pamoja na wataalamu zaidi ya mia moja waliotia saini nao, walitaka kingamwili za utafiti zitambulishwe kwa mfuatano wa jeni zao na kutengenezwa kwa kufuata mfuatano huo, ili anayenunua leo na atakayenunua baada ya miaka kumi wapate kitu kimoja. Nakubaliana nao bila ya shaka. Kadhi hampokei shahidi asiyejulikana, ila baada ya kuuliza habari zake kwa wamjuao, na sioni kwa nini maabara iwe na mlango mpana kuliko baraza la kadhi. Kuna njia nyepesi ya kuuliza, nayo binti yangu ameifanya: sampuli moja igawanywe mafungu mawili, fungu moja litiwe fosfatasi kwa makusudi, na kingamwili ikiendelea kuona mistari katika fungu hilo, basi haitambui fosfeti, inatambua kitu kingine. Ya kwake haikuona kitu. Ikathibiti kuwa ni adili.

Alipolirudia jaribio aliniita nikaone. Ilikuwa alasiri ya Alhamisi, na jenereta ya chuo ilikuwa ikinguruma nje. Safari hii visahani vyote vitatu vilikaa juu ya barafu mpya, na kila kimoja kilitiwa vanadati na floridi kwa kipimo kimoja. Tuliingia katika chumba cha giza, penye taa nyekundu hafifu. Karatasi ilikuwa imekwisha kuoshwa kwa kingamwili ya pili, ile inayoishika ya kwanza, nayo imebebeshwa kimeng'enya kitokacho katika mzizi mkali wa mmea wa Ulaya; akaimwagia dawa ambayo kimeng'enya hicho huifanya itoe nuru, nuru dhaifu ambayo macho yangu ya uzee hayakuiona. Akailaza juu yake filamu ya eksirei, akahesabu dakika mbili kwa sauti ya chini, akaitumbukiza filamu katika beseni.

Tulisimama kimya. Njia ya kwanza ikabaki nyeupe. Katika ya pili ikaja mistari miwili iliyokaribiana, mwembamba juu, mnene chini. Kisha katika ya tatu, pole pole, ikaja mistari miwili mingine, myeusi sawasawa na ile ya pili.

Hakusema neno. Aliinua filamu ikachuruzika maji, akaitazama mbele ya taa nyekundu, akaichukua karatasi ya pili iliyopimwa ERK zote, zilizolala na zilizoamka, akanionyesha kwamba hapo njia zote tatu zilikuwa sawa. Majani hayakuzuia kitu. Nilitaka kumpa pole, nikaona uso wake hauombi pole. Alifungua daftari lake la kazi, akaandika tarehe, akaandika kwa herufi kubwa kwamba matokeo ya kwanza ni batili na sababu ya ubatili wake, akaibandika filamu chini ya maneno hayo. Kisha akakirudisha kichupa katika friza, akanifungulia mlango, na nuru ya jioni ikaingia.

"Ami," akasema, "bado kuna magome na mizizi ya mti ule."